Jeevanjee: Tajiri aliyewaachia maskini wa Nairobi bustani

JUA linapofika utosini, viti vya Bustani ya Jeevanjee katikati ya jiji la Nairobi huwa havina nafasi. Yupo kibarua aliyezunguka asubuhi nzima akitafuta kazi asiipate. Yupo mhubiri aliyeshika Biblia, sauti imemkauka. Wapo wanafunzi, wapiga picha, wachuuzi wa njugu na wazee wanaobishana kuhusu siasa kana kwamba wao ndio wabunge.

Wote hao hulitaja jina la Jeevanjee kila siku wanapoelekezana njia. Hata hivyo, ni wachache mno wanaojua kwamba hilo ni jina la mtu, na kwamba kivuli wanachojipumzisha chini yake ni zawadi aliyoitoa mtu huyo zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Alibhai Mulla Jeevanjee alifariki mwaka 1936 akiwa na umri wa miaka 80. Katika uhai wake alimiliki meli, soko, gazeti na majumba. Aliketi katika baraza la kutunga sheria pamoja na Wazungu wakati ambapo hakuna mtu mwingine asiyekuwa Mzungu aliyekuwa amewahi kuketi humo. Takriban vyote hivyo vilimponyoka. Kilichosalia kikiwa bado kinaitwa kwa jina lake ni kile alichokitoa bure.

AZALIWA KARACHI

Jeevanjee alizaliwa mwaka 1856 katika mji wa Karachi, ambao wakati huo ulikuwa sehemu ya India iliyotawaliwa na Waingereza na sasa umo nchini Pakistan. Familia yake ilikuwa ya Mabohora, jamii ya Waislamu wa madhehebu ya Shia ambayo kwa karne nyingi imejulikana kwa biashara katika pwani zote za Bahari Hindi.

Hakubahatika kupata elimu ya maana ya shuleni. Alijifunza kuhesabu na kupatana bei kwa kutembeza bidhaa, na baadaye akavuka bahari hadi Adelaide, Australia, alikofanya biashara ya bidhaa za mashariki. Kutoka huko ndipo alipoanza kuitupia macho pwani ya Afrika Mashariki.

Alifika Mombasa mnamo 1890. Wakati huo eneo ambalo leo ni Kenya lilikuwa mikononi mwa kampuni ya Imperial British East Africa, ambayo ilihitaji mtu wa kuiletea wafanyakazi na bidhaa kutoka India. Jeevanjee aliichukua kazi hiyo. Kampuni ilipolemewa na gharama na serikali ya Uingereza kutwaa usimamizi wa eneo hilo mwaka 1895, yeye alikuwa tayari ameshajenga jina.

RELI YAMTAJIRISHA

Ujenzi wa reli ya kutoka Mombasa hadi ziwa Victoria ulianza mwaka 1896. Serikali iliwaleta vibarua wa mikataba wapatao 32,000 kutoka India. Takriban 2,500 kati yao walifariki kwa maradhi, ajali na kuliwa na simba, huku karibu 6,700 wakiamua kubaki baada ya mikataba yao kukamilika.

Vibarua hao walihitaji mchele, dengu, unga, samli na viungo. Kazi nyingine kama vile kuchimba udongo, kupasua mawe na kujenga nyumba zilihitaji makandarasi. Jeevanjee alikuwa miongoni mwa waliopewa zabuni hizo, na ndizo zilizomfanya kuwa mmoja wa matajiri wakubwa zaidi katika eneo zima la Afrika Mashariki.

Ni vyema kusema ukweli hapa. Utajiri huo ulitokana na jasho la watu waliofanya kazi chini ya mikataba migumu, na reli yenyewe ilipitishwa katika ardhi ya Waafrika ambao hawakuombwa ruhusa. Jeevanjee hakuubuni mfumo huo, lakini aliufaidi.

Reli ilifika Nairobi mwishoni mwa Mei 1899. Mahali hapo palikuwa uwanda wenye kinamasi, ambapo Wamaasai walikuwa wakinywesha mifugo wao na kupaita mahali pa maji baridi. Wajenzi wa reli walipachagua kuwa kituo kikuu kabla ya kuanza kuukwea mlima kuelekea Bonde la Ufa. Mwaka huo huo John Ainsworth, afisa wa serikali aliyekuwa Machakos, alihamishia makao yake hapo.

Hapo ndipo mji ulipozaliwa, nao ulizaliwa katika tope.

MTAA WA BAZAAR

Sehemu ya kwanza ya mji huo kuchangamka ilikuwa mtaa wa Bazaar, ambao leo unajulikana kama Biashara Street. Wahindi waliotoka katika kazi ya reli na wengine waliofuata nyuma yao walijenga vibanda vya mbao na mabati, wakauza nguo, sukari, taa na mafuta. Hapakuwa na mitaro ya maana wala maji safi ya kutosha.

Mnamo 1902 ugonjwa wa tauni ulizuka katika mtaa huo. Maafisa wa afya hawakuona njia nyingine ila kuuteketeza kwa moto. Maduka yakawa majivu na wenyewe wakaanza upya. Kuanzia hapo, Wazungu waliotaka Wahindi watengwe walipata kisingizio walichokitumia kwa miaka mingi: kwamba mtaa wa Wahindi ulikuwa chimbuko la maradhi. Kwamba serikali yenyewe haikuwa imewajengea mitaro, hilo halikutajwa sana.

Jeevanjee alijibu kwa kujenga. Mwaka 1904 alijenga soko katika eneo hilo, ambalo lilikuja kujulikana kwa jina lake. Aidha, alijenga nyumba na ofisi kadhaa ambazo serikali changa ya mji ilizikodisha. Ilifika wakati maafisa waliokuwa wakimnyima haki sawa na Wazungu walikuwa ni wapangaji wake.

Anayetembea leo kutoka Biashara Street kuelekea Muindi Mbingu Street ataona mengi yaliyojengwa katika miongo iliyofuata. Ataona minara ya Msikiti wa Jamia, uliojengwa kati ya mwaka 1925 na 1933. Karibu nao ipo maktaba ya McMillan iliyofunguliwa mwaka 1931, ambayo kwa miaka mingi milango yake ilikuwa wazi kwa Wazungu pekee. Lipo pia soko la City Market, maarufu kwa maua, nyama na vinyago.

Hata jina la barabara hiyo lina kisa chake. Muindi Mbingu ndiye aliyewaongoza Wakamba kutoka Machakos hadi Nairobi mwaka 1938 kupinga kuuzwa kwa lazima kwa mifugo wao. Barabara inayokumbusha ujasiri wake ndiyo inayopakana na bustani ya Jeevanjee kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili ipo Moi Avenue, ambayo enzi hizo iliitwa Government Road.

ATOA BUSTANI

Katika mji huo wa tope na mabati, Jeevanjee alitenga eneo la takriban ekari tano, akalipandisha nyasi, miti na maua kwa gharama yake. Alilikabidhi mji ili liwe mahali pa mapumziko, hasa kwa watu wasiokuwa na uwezo wa kujijengea bustani majumbani mwao.

Mwaka 1906, mwanamfalme Arthur, aliyekuwa Duke wa Connaught na mtoto wa Malkia Victoria, aliizuru Nairobi. Katika ziara hiyo alizindua sanamu ya mamake iliyosimamishwa na Jeevanjee katika bustani hiyo.

Huenda msomaji akashangaa kwa nini mtu aliyekuja kupambana na ubaguzi wa Waingereza alimjengea sanamu malkia wao. Jibu lipo katika siasa za wakati huo. Mwaka 1858 Malkia Victoria alikuwa ametoa tangazo lililowaahidi Wahindi kwamba wangetendewa sawa na raia wengine wa himaya yake. Viongozi wengi wa Kihindi walilishikilia tangazo hilo kama mdaiwa anavyoonyeshwa hati ya deni. Sanamu ile ilikuwa heshima, lakini pia ilikuwa ukumbusho kwa kila Mzungu aliyepita hapo kwamba ahadi ilikuwa imetolewa na haijatimizwa.

Ni muhimu pia kukumbuka jinsi bustani za kwanza za Nairobi zilivyotokea. Mwaka 1907 ilianzishwa Arboretum, umbali mfupi kutoka katikati ya mji, lengo lake likiwa kujaribu miti ambayo ingekua haraka na kutoa kuni za kuendeshea garimoshi. Bustani ya Jeevanjee haikuwa ya kuni wala ya utafiti. Ilikuwa ya kukaa tu, na mtu maskini aghalabu hanyimwi kitu upesi kama mahali pa kukaa.

SIASA NA UBAGUZI

Mwanzoni mwa karne ya 20 Jeevanjee alianzisha gazeti mjini Mombasa, African Standard, lililokuwa likitoka mara moja kwa wiki. Mwaka 1905 aliliuza kwa Wazungu wawili, Anderson na Mayer, nalo likabadilishwa jina kuwa East African Standard. Baadaye likahamia Nairobi na kuwa mdomo wa walowezi. Gazeti aliloliasisi mwenyewe likageuka kuwa jukwaa la watu waliotaka yeye na wenzake wasiwe na sauti.

Baraza la kutunga sheria lilianza vikao vyake mwaka 1907, wanachama wake wote wakiwa Wazungu. Kufikia mwaka 1910, Jeevanjee alikuwa ameteuliwa kuwa mwanachama wa kwanza asiyekuwa Mzungu. Alikuwa mmoja tu, na haikumchukua muda kugundua kwamba sauti moja katika chumba kile ilikuwa ya kusikika, si ya kusikizwa.

Kilichomuuma zaidi ni ardhi. Mwaka 1908, Lord Elgin, waziri wa makoloni wa Uingereza, aliafiki kwamba nyanda za juu zenye rutuba zisigawiwe Wahindi. Jeevanjee alisafiri hadi London kulalamika, na mwaka 1912 akachapisha kijitabu kilichoeleza madhila ya Wahindi wa Afrika Mashariki. Mnamo 1914 wenzake walimkabidhi uenyekiti wa kongamano la kwanza la chama cha East African Indian National Congress, lililofanyika Mombasa.

Alikuwa pia miongoni mwa wajumbe waliokwenda London mwaka 1923, wakati ambapo walowezi walikuwa wametishia kuasi iwapo Wahindi wangepewa haki sawa za kupiga kura. Waraka wa Devonshire uliotolewa mwaka huo uliwaachia Wazungu nyanda za juu, ukakataa kutengwa kwa Wahindi katika makazi ya mijini, na kutangaza kwamba maslahi ya Waafrika ndiyo yangetangulia pale yatakapogongana na ya wageni.

DOA LISILOFUTIKA

Mwandishi wa maisha ya Jeevanjee hawezi kuliruka jambo moja. Akiwa London mwaka 1910, alipendekeza hadharani kwamba eneo lote la Afrika Mashariki liunganishwe na himaya ya India, ili liongozwe kwa sheria za huko na Wahindi waweze kuhamia kwa wingi.

Walowezi walilitumia pendekezo hilo kwa miaka mingi kuwatisha Waafrika na serikali ya London. Nao Waafrika walikuwa na kila sababu ya kulikataa. Wamaasai walikuwa wameshahamishwa kutoka Bonde la Ufa kufuatia mkataba wa mwaka 1904. Wakikuyu walikuwa wakipoteza mashamba. Katika ugomvi wa Wazungu na Wahindi kuhusu nani amiliki ardhi, mwenyewe hakuulizwa na yeyote kati yao.

Jeevanjee alikuwa mtu wa wakati wake. Aliuona waziwazi ubaguzi uliomwelemea yeye, lakini hakuuona kwa uwazi huo huo ule uliowaelemea walio chini yake. Hata bustani yake, katika miaka yake ya kwanza, haikuwa rahisi kwa Mwafrika kuifurahia. Kuanzia mwisho wa muongo wa pili wa karne hiyo, mwanamume wa Kiafrika alilazimika kutembea na kipande, na aliyeonekana mjini bila ya sababu ya kuridhisha alijikuta mikononi mwa polisi.

Hata hivyo, Jeevanjee hakuweka sharti kwamba bustani iwe ya Wahindi. Aliitoa kwa mji. Neno hilo moja ndilo lililokuja kuwafaa watu ambao yeye hakuwafikiria sana.

MWISHO WAKE

Utajiri wa Jeevanjee haukudumu hadi mwisho. Biashara ziliyumba, na alipofariki mwaka 1936 mali yake ilikuwa imepungua mno ikilinganishwa na ile ya miaka ya reli. Meli hazikuwepo. Gazeti lilikuwa la wengine. Baraza la kutunga sheria lilikuwa bado mikononi mwa Wazungu, na hakuna Mwafrika hata mmoja aliyekuwa ameketi humo.

Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliteuliwa mwaka 1944, miaka minane baada ya kifo chake. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, majina ya barabara nyingi za Nairobi yalibadilishwa. Majina ya magavana na walowezi yaliondolewa. Jina la Jeevanjee liliachwa lilipokuwa.

BUSTANI YATETEWA

Lakini kuachiwa jina si kuachiwa ardhi. Kadiri jiji lilivyokua ndivyo thamani ya ekari zile tano ilivyopanda, na macho ya wenye tamaa yakaanza kuziangalia.

Mwaka 1991, tume iliyokuwa ikisimamia jiji ilipanga kujenga hapo maegesho ya magari na maduka. Enzi hizo za chama kimoja, kupinga mpango wa wakubwa hakukuwa jambo la mchezo. Miaka miwili tu iliyotangulia, Profesa Wangari Maathai alikuwa ametukanwa bungeni kwa kuthubutu kupinga jumba la ghorofa 60 lililokusudiwa kujengwa katika bustani ya Uhuru Park, mwendo mfupi tu kutoka hapo.

Aliyejitokeza kuitetea Jeevanjee ni Zarina Patel, mjukuu wa mfanyabiashara huyo. Alikusanya saini za wananchi, akaandika barua na kuwaeleza watu wa jiji jambo ambalo wengi hawakulijua: kwamba bustani hiyo haikuwa mali ya serikali ya kugawa itakavyo, bali zawadi iliyotolewa kwa umma. Wafanyakazi wa ofisi, wachuuzi na watu wasiokuwa na makao walitia saini. Mpango ukaachwa.

Kutokana na harakati hizo, Patel aliingia katika utafiti wa maisha ya babu yake, na mwaka 1997 akachapisha kitabu kuhusu maisha na mapambano yake. Laiti isingekuwa tishio la kunyakuliwa kwa bustani, huenda mengi ya maisha ya mzee huyo yangefukiwa katika kaburi la sahau.

Hali hiyo imejirudia kwingineko jijini. Bustani ya City Park mtaani Parklands, ambamo yamo makaburi ya Pio Gama Pinto na aliyekuwa Makamu wa Rais Joseph Murumbi, imemegwa mara kadhaa na ikabidi wananchi waipiganie. Ni dhahiri kwamba hakuna bustani ya umma Nairobi iliyosalia kwa sababu tu ya ramani. Kila iliyosalia ina mtu aliyesimama mbele ya tingatinga, kwa mwili au kwa kalamu.

Kuanzia miaka ya 1990, bustani ya Jeevanjee ilipata kazi nyingine. Watu wa kawaida walianza kukutana chini ya miti yake kujadili bei ya unga, ufisadi na katiba, wakajiita Bunge la Mwananchi. Wamefurushwa na polisi mara nyingi, na mara nyingi wamerejea.

Mwaka 2015, watu wasiojulikana waliivunja sanamu ya Malkia Victoria. Wapo waliosema ni uharibifu wa historia, na wapo waliosema malkia huyo alikuwa amekaa hapo kupita kiasi. Mjadala huo ungali ukiendelea. Hata hivyo, aliyeisimamisha sanamu hiyo hakudhurika katika kumbukumbu za watu, kwa kuwa jina lake halikuandikwa kwenye jiwe pekee. Liko katika vinywa vya watu wanaoahidiana kukutana Jeevanjee saa saba.

Wahenga walinena kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Alibhai Mulla Jeevanjee alikuwa na utajiri, nao ukapita. Alikuwa na cheo, nacho kikapita. Alikosea katika mambo makubwa, na si haki kuyaficha. Lakini kibarua aliyekosa kazi leo ana mahali pa kuinyoosha miguu yake katikati ya jiji ambalo kila hatua ya ardhi ina bei, wala hatozwi senti.

Iwapo wajukuu wa kibarua huyo watapakuta mahali hapo pakiwa bado pana nyasi na kivuli, hilo si la Jeevanjee tena. Yeye alikwisha kutoa. Lililobaki ni la wale waliopewa.